Kabla Hujabonyeza Ruhusu

Wajukuu zangu, ninyi mlioko Kirumba, Igoma na Buhongwa hapa Mwanza, na ninyi mlioko visiwani Ukerewe na Kome, leo nataka tuzungumze juu ya simu. Sina nia ya kuwaambia mziweke chini. Kwa simu mvuvi aliyeko kambini hujua bei ya dagaa mwaloni kabla hajawasha injini, na mama hulipa ada ya shule akiwa amekaa juu ya gunia lake sokoni. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba simu mliyoinunua kwa jasho lenu ina watu wengine wenye amri juu yake, watu msiowajua kwa sura wala kwa jina, na sehemu kubwa ya amri hiyo mmewapa wenyewe, kila mlipobonyeza neno Ruhusu bila kusoma kilichoandikwa juu yake.

Wenye umri wa kukumbuka Juni 2016 watanielewa haraka. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba simu bandia zitazimwa ifikapo tarehe 16 ya mwezi huo. Mji mzima ulikuwa ukibonyeza *#06#, ukinakili ile namba ndefu ya IMEI na kuituma kwenda 15090 ili kila mtu ajue kama simu yake ni halali. Siku ilipofika, zilizoshindwa zikakosa mtandao. Niliiunga mkono serikali katika jambo lile na ningeiunga mkono tena leo, kwa sababu simu zile zilikuwa hatari na wauzaji walikuwa wakiwaibia watu. Lakini liangalieni tukio lenyewe: kitu ulichokilipia taslimu dukani Makoroboi kilizimwa na mtu aliye Dar es Salaam bila kukigusa. Tangu wakati ule, nikipewa simu mpya huuliza mambo matatu. Nani anaweza kuifunga? Nani anaweza kuingiza kitu ndani yake? Nani anaweza kuchungulia yaliyomo?

Tuanze na duka la programu, maana ndiko mnakoingia kila siku. Apple ilifungua la kwake Julai 2008, na Google ikafuata mwaka huo huo na duka ambalo mwaka 2012 lilipewa jina la Google Play. Mwenye iPhone hapa kwetu hana njia nyingine ya kawaida ya kupata programu isipokuwa duka la Apple. Nchi za Umoja wa Ulaya ndizo zilizotangulia kuilazimisha kampuni hiyo, kwa sheria iliyoanza kubana Machi 2024, ikubali maduka mengine. Mwenye Android ana nafasi zaidi. Anaweza kupokea faili la kusakinisha programu, yaani APK, kutoka kwa rafiki, kurushiwa kwa Xender bila kuunguza hata MB moja ya bando, au kutumia duka kama F-Droid lenye programu huria. Nafasi hiyo ni mali. Wengi wenu mmekua nayo hata hamuioni, na mali isiyoonekana ni rahisi kuchukuliwa.

Ngojeni niwaeleze jambo la ziwani, kwa sababu ndilo lililonifundisha kulitazama duka hili. Nilikuwa karani wa mizani enzi viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vimeshamiri hapa Mwanza. Wakala alimpa mvuvi injini na nyavu za makila kwa mkopo, na hakuna riba iliyoandikwa popote. Sharti lilikuwa moja: sangara wako wote uniuzie mimi. Daftari langu lilikuwa na safu ya kilo, safu ya bei, kisha makato ya mafuta, makato ya barafu, makato ya injini, na pembeni kabisa kile kilichobaki kwa mvuvi. Bei aliipanga wakala. Mvuvi akisikika ameuza hata samaki watatu kwa mnunuzi wa pembeni, injini ilifuatwa. Wala wakala hakuwa mwizi, na nisingependa mumfikirie hivyo. Yeye ndiye aliyeleta barafu, na ndiye aliyefungua njia ya samaki wetu kufika Ulaya. Tatizo lilikuwa kwamba mvuvi hakuwa na mahali pengine pa kuuza, na asiye na pa kuuza pengine hapangi bei yake, hata awe hodari namna gani.

Duka la programu linakwenda kwa kanuni ile ile. Limeleta usalama fulani na limeleta wateja wa dunia nzima, halafu likajikatia: kwa miaka mingi Apple na Google zilichukua hadi asilimia 30 ya kile kinachouzwa ndani ya programu, na asilimia 15 kwa wadogo. Agosti 2020 kampuni ya michezo ya Epic Games iliweka njia yake yenyewe ya malipo ndani ya Fortnite, na siku hiyo hiyo mchezo huo ukaondolewa kwenye maduka yote mawili. Ilikwenda mahakamani, na Desemba 2023 wazee wa baraza huko San Francisco waliamua kwamba Google ilivunja sheria ya ushindani. Kampuni yenye mabilioni ilihitaji miaka mitatu na jeshi la mawakili. Kijana wa Nyegezi mwenye programu yake moja ataanzia wapi?

Ipo na simu ya mkopo, na hapa nawasihi madereva wa bodaboda mnisikilize zaidi. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: mnunuzi alichukua simu, akawa analipa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na asipolipa simu ilijifunga. Mipango ya namna hiyo imeenea, nasi tunayo. Siipingi. Imewapa simu janja watu ambao wasingezipata kwa taslimu, na deni ni deni, lazima lilipwe. Lakini dereva anayepokea abiria kwa simu, anayelipwa kwa simu na kuweka akiba yake kwenye simu, siku inapojifunga kazi yake nayo imefungwa, na hiyo ndiyo siku anayohitaji hela ili aifungue. Kabla hujatia sahihi, muulize muuzaji ukiwa umesimama palepale: simu ikifungwa, naweza bado kupiga namba ya dharura? Naweza kutoa hela yangu? Nikimaliza deni, ile programu ya kufungia inaondolewa siku ileile, na nani anaiondoa? Akikwepa swali moja kati ya hayo, ondoka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza.

Jirani yangu anauza dagaa mwaloni Kirumba. Kabla ya mwaka 2023, mtoto wake alipougua, alipakua programu ya mkopo, akaomba shilingi elfu hamsini. Zilizoingia zilikuwa pungufu, ada ilikuwa imekatwa juu kwa juu, na muda wa kulipa ulikuwa siku saba. Siku ya nane alikuwa bado anatafuta. Asubuhi ile, kabla hata hajafika mwaloni, meseji zilikuwa zimekwenda kwa watu waliohifadhiwa kwenye simu yake: wateja wa Shinyanga, mwalimu wa kwaya, mkwe wake, hata fundi aliyemtengenezea paa. Nami niliipata. Ilimtaja kwa jina lake kamili, ikamwita tapeli, ikatutaka tumshauri alipe. Mkwe wake hakumpigia simu kwa muda mrefu. Mteja mmoja wa Shinyanga hakurudi tena. Mama yule alikuwa ameruhusu hayo yote mwenyewe siku ya kwanza, kwa kidole, pale programu ilipouliza kama inaweza kufikia anwani zake, yaani majina na namba za watu wake, naye akadhani ni hatua ya kawaida ya kupata mkopo.

Mtaani mikopo hii tunaiita kausha damu, na jina linatosha. Lakini kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Programu nyingi za aina hiyo hazikuja kwa njia ya uchochoro. Zilikaa kwenye duka rasmi, na nyota zake na maoni yake mazuri, zikipakuliwa na maelfu. Kenya ilibidi itunge sheria mwishoni mwa 2021 na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 ndipo Google ikaanza, Januari 2023, kudai leseni ya Benki Kuu ya Kenya, au uthibitisho wa kuiomba, kwa kila programu ya mkopo nchini humo. Ni Mei 31 mwaka huo huo ndipo Google ilipozikataza programu za mikopo, duniani kote, kugusa anwani na picha za mtumiaji. Kwetu, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni na kuwaonya wananchi wasiyatumie.

Pimeni wenyewe tarehe hizo. Mwenye duka alikuwa na uwezo wa kuzuia tangu siku ya kwanza. Alizuia baada ya serikali na wananchi kupiga kelele. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba kila kilichoko dukani kimekaguliwa, basi mmesalimika, msimkubalie. Kinachokaguliwa pale ni kile mwenye duka alichoamua kukagua, kwa wakati wake na kwa faida yake.

Hata kiwandani si salama kabisa. Agosti 2020 ilifichuliwa kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa zimetoka na programu hasidi ndani yake, zikiwaunganisha wenye simu na huduma za kulipia wasizoziomba na kula salio lao. Kampuni mama, Transsion, ilisema hitilafu iliingizwa na msambazaji mmoja katika mnyororo wake wa ugavi. Mnunuzi hakuwa amepakua kitu. Alifungua boksi tu.

Naona wengine mnatikisa kichwa, mnasema: basi tuachane na duka, tupite njia zetu. Hapo pia nina neno, tena kali, kwa kuwa njia ya pembeni mnaitumia vibaya.

Mnapenda WhatsApp GB kwa sababu inaficha tiki za bluu na kuonyesha meseji iliyofutwa. Haikutengenezwa na wenye WhatsApp. Hamjui nani kaitengeneza, wala maneno yenu yanapita mikononi mwa nani, na akaunti hufungwa siku WhatsApp ikigundua. Mnatumiwa kwenye magrupu faili la kupata bando la bure, faili la kutabiri mechi, faili la kushinda kamari ya kindege. Mwenye kujua kushinda kamari asingekaa kuwatumia ninyi. Programu ikitolewa dukani kwa uovu wake, kiungo chake huendelea kuzunguka kwenye magrupu hayo, na safari hii hakuna hata mkaguzi mzembe wa kuitazama.

Zipo ruhusa mbili ambazo nataka mzijue kama mnavyojua majina yenu. Ya kwanza ni ruhusa ya kusoma SMS. Programu yenye ruhusa hiyo inaiona namba ya uthibitisho benki inapoituma, na inaiona meseji ya salio lako. Ya pili iko ndani ya Mipangilio, inaitwa Ufikivu. Iliwekwa kwa ajili ya wasioona na wenye ulemavu wa mikono, nayo ni jambo jema sana kwao, kwani huiwezesha programu kusoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. Mpe tapeli ruhusa hiyo, naye ataona unachoandika na kubonyeza asichopaswa kubonyeza, wewe ukiwa umelala. Mchezo wa mpira hauhitaji Ufikivu. Kikokotoo hakihitaji SMS. Programu ikiomba kitu kisichohusiana na kazi yake, bonyeza Usiruhusu. Ikikataa kufanya kazi bila hicho, imeshakuonyesha kilichoileta.

Hata hivyo siwaambii kwamba njia ya pembeni izibwe, na hapa najua natofautiana na wazee wenzangu. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa kuanzia na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, simu za Android zilizoidhinishwa hazitakubali programu ambayo mtengenezaji wake hajajisajili na kuthibitishwa na Google, hata kama programu hiyo haikutoka kwenye duka la Google. Nchi nyingine zitafuata kuanzia 2027. Sababu waliyotoa ni kwamba programu hasidi zinazotoka kwenye vyanzo vya nje ya duka, mitandaoni, ni zaidi ya mara 50 ya zile za dukani. Siwezi kuipuuza sababu hiyo. Nimetoka kuwasimulia juu ya faili za magrupu. Lakini tuseme kijana wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe ametengeneza programu ndogo ya kuandika mahesabu ya mwalo wa mjomba wake. Watakaoitumia ni watu ishirini, wanaojuana kwa majina. Kwa nini lazima kampuni ya Marekani ipewe jina lake, anwani yake na namba yake ya simu kabla mjomba hajaiweka kwenye simu aliyoinunua mwenyewe? Kujisajili kwenye duka kunagharimu dola 25, zaidi ya shilingi elfu sitini, na kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Google imesema wanafunzi watapata akaunti ya bure yenye mipaka, na Novemba 2025, baada ya F-Droid na watengenezaji wengi kupinga hadharani, ikasema watumiaji wenye uzoefu wataachiwa njia ya kuweka programu isiyosajiliwa baada ya kuonywa. Ahadi hiyo ilipatikana kwa sababu watu walisema. Katika waliosema, sikuona sauti nyingi kutoka ukanda wetu.

Na kuna sababu nzito zaidi ya mahesabu ya mwalo. Aliye na ufunguo mmoja wa milango yote anaweza kuamriwa aufunge. Julai 2017 Apple iliondoa programu za VPN, zile za kupita vizuizi vya mtandao, kwenye duka lake la China. Septemba 2021, siku ya kwanza ya uchaguzi wa Urusi, Apple na Google ziliondoa programu ya upinzani baada ya kubanwa na serikali. Ng'ambo ya ziwa hili hili, Uganda, Januari 2021 kuelekea uchaguzi wa tarehe 14, mitandao ya kijamii ilifungwa, maduka ya programu yakafungwa nayo, kisha intaneti nzima ikazimwa kwa siku kadhaa. Facebook ilibaki imefungwa hata miaka iliyofuata. Kwetu, Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN wajitambulishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, na siku ya kupiga kura, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Someni sheria mjue inasema nini, msije mkaingia matatani kwa kutojua. Lakini jueni pia kwamba duka likifungwa, njia inayobaki ya kupata hata kamusi au kitabu cha masomo ni simu kwa simu, kijana kwa kijana. Njia hiyo ikiwa nayo inahitaji kibali cha aliye mbali, mmebaki na kioo kinachowaka.

Basi mwenye uwezo wa kuandika programu, aandike. Aandike kwa ajili ya wauza dagaa, kwa ajili ya wakulima wa pamba wa Magu na Kwimba, na aonyeshe wazi programu yake inaomba ruhusa gani na kwa nini. Aliyeko chuoni ajifunze sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwananchi aliyedhalilishwa kama jirani yangu ana haki ya kupeleka malalamiko huko. Mama yule hakujua, wala mimi wakati ule sikuwa na pa kumwelekeza. Ninyi mnapo. Mtu akija na mkopo wa simu, ulizeni leseni yake ya Benki Kuu kabla ya kuuliza kiasi.

Na jioni hii, mkifika nyumbani, ombeni simu ya mama au ya bibi. Fungueni Mipangilio, ingieni kwenye Programu, kisha Ruhusa, mtazame nani anashika anwani, nani anashika SMS, nani anashika maikrofoni. Tazameni Ufikivu. Tazameni ni programu gani imepewa idhini ya kusakinisha nyingine zisizojulikana, muizime. Fanyeni mbele yake, polepole, mkimsomea kila jina, maana simu ni yake na uamuzi ni wake. Akiuliza kwa nini programu ya tochi inataka kujua majina ya watu wake wote, mwambieni haina sababu yoyote ya haki, kisha mwacheni abonyeze mwenyewe kuiondoa.